Aya Zisizosomwa Kanisani

Tafakari ya juma: Walawi 13, Hesabu 12, Marko 1:40-45

Kila inapofika Dominika ya 6 ya Mwaka B, somo la kwanza hutoka Walawi 13. Msomaji husoma aya 2 za mwanzo, huruka hadi aya ya 44, kisha humalizia na aya ya 46. Mara ya mwisho ilikuwa tarehe 11 Februari 2024, siku iliyoangukia pia Siku ya Wagonjwa Duniani. Waamini husikia kwamba mtu akiota uvimbe, upele au doa linalong'aa kwenye ngozi yake, apelekwe kwa kuhani. Kufumba na kufumbua, mtu huyohuyo ameshatangazwa najisi: nguo zimeraruliwa, nywele hazijui kitana, anajitangaza mwenyewe kwa sauti ili watu wamkwepe, na makao yake ni peke yake nje ya kambi. Hapo katikati zimeachwa aya 41.

Sababu naielewa. Aya hizo ni ndefu, zinajirudia, zinataja majipu na vidonda vya moto na ndevu zenye ukurutu, na Misa ya Dominika ni ndefu hata bila hayo. Hapa Butihinda, Burundi, kwaya zetu hazina haraka, na matangazo ndiyo kabisa. Lakini kwa kuziruka tumebaki na hukumu, tukapoteza uchunguzi. Tunamjua sana yule anayetolewa nje ya kambi. Yule aliyetakiwa kumtazama kabla hajatolewa, hatumjui.

Zifungue nyumbani ujionee. Kuhani anatazama mahali penye ugonjwa: je, nywele zilizoota hapo zimegeuka nyeupe? Je, doa limezama ndani kuliko ngozi inayolizunguka? Dalili zisipokamilika, hatoi neno. Anamweka mtu kando siku 7, kisha anamtazama tena. Bado haieleweki? Siku 7 nyingine. Doa likififia ni upele tu. Mtu anafua nguo zake na kurudi kwa watu wake. Jipu lililopona na kuacha kovu lina aya zake. Aliyeungua moto ana aya zake. Madoa meupe yaliyopauka nayo yana aya zake, na hayamnajisi mtu. Mwenye kipara hakusahauliwa, naye ametangazwa safi. (Wazee wa kipara, aya yenu ni ya 40, muishike.) Na kama ugonjwa utaenea baada ya mtu kuruhusiwa, aya ya 7 inamtaka ajionyeshe upya.

Katika sura nzima kuhani hatoi dawa yoyote, maana hakuwa mganga. Pia haulizi mtu huyo amekosa nini, amelala wapi, amekula cha nani wala nani amemroga. Anatazama ngozi, anasubiri, anatazama tena. Hiyo ndiyo kazi aliyopewa, na sisi ndiyo tumeiacha. Sisi tunatazama mara moja tu, tukiwa njiani kwenda sokoni, na hukumu inafika mpakani Kobero kabla yetu.

Juma hili nataka tuitazame sehemu moja ya ngozi ambayo ndiyo inayowapatia watu wengi aibu bila kosa lao: tezi za mafuta.

Karibu kila mahali ulipo unywele mwilini, pembeni yake chini ya ngozi kuna kifuko kidogo kinachotengeneza mafuta. Mafuta hayo hupanda kwenye tundu la unywele na kutoka nje kulainisha ngozi na nywele. Chukua kioo, simama penye mwanga, utazame ncha ya pua yako: vile vitundu unavyoviona ndiyo milango yake. Tezi hizi zimejaa zaidi usoni na kichwani, halafu kifuani na mgongoni juu. Kwenye viganja vya mikono na nyayo hazipo kabisa, ndiyo maana mkono wa mkulima hupasuka wakati wa kiangazi na paji la uso wake bado linang'aa.

Kazi yake huanza kabla hatujazaliwa. Mtoto hutoka tumboni amepakwa ute mzito mweupe ambao ndani yake mna mafuta ya tezi hizo. Mama zetu wengi walizoea kuuona ni uchafu wa kusuguliwa haraka. Kumbe ute huo humkinga mtoto na baridi na vijidudu, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asiogeshwe mpaka zipite angalau saa 24. Sisi makuhani humpaka mtoto Krisma utosini siku ya ubatizo na kudhani ndiyo mara yake ya kwanza kupakwa mafuta. Muumba alishatutangulia.

Baada ya miezi michache tezi hizo hulala. Huamka tena mtoto anapoanza kubalehe, homoni zinapopanda, na hapo ndipo shida inapoanzia kwa vijana wetu. Mafuta huwa mengi, chembe za ngozi iliyokufa huziba mlango wa tundu, na bakteria ambao siku zote huishi humo kwa amani hupata chakula na kuzaliana. Ngozi huvimba, hutunga usaha, na chunusi ndiyo hiyo. Ile nukta nyeusi inayoonekana kwenye tundu lililoziba si uchafu wala si dalili kwamba kijana haogi. Ni rangi ileile ya asili ya ngozi yetu, imekutana na hewa. Kuisugua kwa jiwe au kwa sabuni ya kufulia kunaongeza uvimbe tu. Kuikamua kunaacha doa jeusi linalodumu miezi, kwa sababu ngozi nyeusi kila inapoumizwa hujibu kwa kuongeza rangi.

Nimewasikia watu wazima, tena wa kanisani, wakimwambia kijana kwamba chunusi ni tamaa za mwili zinazomtoka usoni. Wengine humwambia binti kwamba akiolewa zitaisha. Maneno haya hayana msingi wowote, na yanaumiza. Kijana wa miaka 15 anatembea na uso wake kila mahali, hawezi kuuacha nyumbani. Ukimwambia kwamba uso huo unatangaza dhambi zake, umemtoa nje ya kambi wewe mwenyewe, na hukumpa hata zile siku 7.

Matokeo yake nimeyaona kwa karibu. Binti mmoja wa kwaya aliacha kusimama mstari wa mbele, akawa anakaa benchi la nyuma, kitenge kimepanda hadi puani. Siku moja baada ya mazoezi alinionyesha kopo lake. Lilikuwa kopo dogo la plastiki lisilo na maandishi, ndani yake krimu ya rangi ya waridi yenye harufu kali ya manukato, na alama za vidole zikionyesha limebaki nusu. Aliipaka asubuhi na jioni. Wiki za kwanza chunusi zilikauka na uso ukawa mweupe, akasifiwa. Kisha vikaja vipele vipya, vyote vya ukubwa mmoja kana kwamba vimepandwa siku moja, mashavu yote mawili hadi kidevuni. Ngozi ya mashavu ilikuwa nyembamba, mishipa midogo myekundu imeanza kuonekana, ilhali vifundo vya vidole vyake vimebaki vyeusi tii. Kila alipojaribu kuacha, uso uliwaka moto, hivyo akarudi kwenye kopo.

Muuguzi wa kituo cha afya alimweleza kinachoendelea. Krimu nyingi za kujichubua huwa na steroidi kali, dawa ambayo daktari huiandika kwa siku chache na kwa ugonjwa maalumu. Ikipakwa usoni kwa miezi, hupunguza unene wa ngozi na huleta chunusi za aina yake yenyewe. Nyingine zina haidrokwinoni, kemikali ya kupausha ngozi. Nyingine zina zebaki, madini yaleyale ambayo wachimbaji wadogo hutumia kukamatia dhahabu, na zebaki hiyo hupenya ngozi ikaenda kuharibu figo. Mama anayenyonyesha akijipaka, mtoto naye hupata sehemu yake.

Wakubwa hawakukaa kimya. Mkataba wa kimataifa wa Minamata wa mwaka 2013 ulipiga marufuku vipodozi vya kung'arisha ngozi vyenye zebaki, na mwishoni mwa mwaka 2018 Bunge la Afrika Mashariki lilipitisha azimio la kutaka bidhaa zenye haidrokwinoni zizuiwe katika nchi zote za Jumuiya, Burundi yetu ikiwemo. Lakini azimio halina miguu ya kufika kwenye kila meza ya soko, na kopo lisilo na maandishi halijali azimio. Kinachofika kwenye kila nyumba ni sifa. Tukiendelea kumsifia binti kwa weupe na kumcheka kwa chunusi, tutakuwa tunamfanyia muuza kopo kazi yake bila malipo.

Chunusi zina tiba, wala si ya siri. Ni kunawa uso kwa upole mara 2 kwa siku kwa sabuni isiyo kali, kuacha kujipaka mafuta mazito usoni, kutokamua, na kupaka dawa ambayo mganga wa kituo cha afya atakuandikia. Moja ya dawa hizo ni benzoili peroksaidi, ya kawaida na ya siku nyingi. Huchukua wiki 6 hadi 8 kabla matokeo hayajaonekana, na wengi huiacha wiki ya pili wakisema imeshindwa. Kuhani wa Walawi alijua kusubiri kuliko sisi. Zile chunusi kubwa zenye kuuma, zinazoacha mashimo, zinahitaji mtaalamu. Na aliyezoea krimu za steroidi asizikate peke yake kimyakimya. Amwone muuguzi amsaidie kuziacha.

Sasa niseme jambo gumu kidogo.

Aya za 29 hadi 37 za sura hiyo zinahusu ugonjwa wa kichwani na kwenye ndevu, mahali palepale tezi za mafuta zilipojaa. Ugonjwa wa sehemu hizo tunaoujua sana sisi ni mba. Kuna mba za kawaida, na kuna zile nzito: magamba ya manjano yenye mafuta kichwani, kwenye nyusi, pembeni mwa pua, nyuma ya masikio, kwenye ndevu na katikati ya kifua. Kuvu ya jamii ya hamira inayoishi kwenye ngozi ya kila mtu hula mafuta hayo, na ngozi ya baadhi ya watu huikasirikia. Watoto wachanga hupata ukoko wa aina hiyo utosini na huondoka wenyewe. Kwa watu wazima huja na kwenda, hasa wakati wa baridi au wa mawazo mengi, na shampuu ya ketokonazoli huituliza.

Ugumu ni huu: kinga ya mwili ikishuka, ukurutu huu hukolea. Shirika la Afya Duniani limeuweka miongoni mwa dalili za hatua ya 2 ya maambukizi ya VVU. Watu wa vilimani kwetu hawakusoma kitabu cha shirika hilo, lakini wameshaona, na wamejitungia sheria yao: uso wenye magamba maana yake ni ule ugonjwa. Basi mtu mwenye mba tu anapewa kikombe chake peke yake nyumbani. Dereva aliyelala Kobero siku 3 akisubiri karatasi za lori anatazamwa pembeni mwa pua kabla hajatazamwa machoni. Na yule ambaye kweli anaishi na virusi, ambaye dalili hiyo ingempeleka mapema kupimwa, anajifungia ndani asionekane, na ugonjwa unapata nafasi.

Dalili ni ya kumpeleka mtu kwa mpimaji. Haikutolewa ili jirani apate la kusema. Magamba usoni yanaweza kutokea kwa mtu ambaye hana virusi hata kimoja, na wengi wao ndivyo walivyo. Mwenye wasiwasi akapime. Dawa za ARV nchini kwetu hutolewa bure, na anayezimeza vizuri huishi, hufanya kazi na huwazika wale waliomsengenya.

Tezi nyingine za mafuta ziko mahali ambapo wengi hatupafikirii: ndani ya kope za macho. Zimejipanga kwenye kingo za kope, za juu zaidi ya 25, za chini pungufu kidogo, na kila ukipepesa jicho hutoa tone dogo la mafuta linalotanda juu ya machozi ili yasikauke. Daktari Mjerumani Heinrich Meibom aliziandika vizuri mwaka 1666, na hadi leo zina jina lake. Tezi ya ukingoni ikipata usaha, ndiyo chokea: inauma, ni nyekundu, kitambaa cha maji ya uvuguvugu mara kadhaa kwa siku huimaliza ndani ya siku chache. Tezi ya ndani ikiziba bila usaha, huja kinundu kigumu kisichouma. Nacho mara nyingi huondoka kwa kitambaa hichohicho, ingawa huchukua wiki, au daktari wa macho hukikwangua.

Lakini iko saratani, si ya kawaida, inayoanzia kwenye tezi hizo hizo na kuvaa sura ya kinundu hicho. Hupenda watu wazima, na zaidi kope la juu. Mtu hukwanguliwa, hupona, na miezi michache baadaye kinundu kinarudi palepale. Au jicho moja linakuwa jekundu miezi na miezi, dawa ya matone haisaidii. Ukingo wa kope unakuwa mnene wenye rangi ya manjano, na nywele za kope hapo zinaanza kunyofoka. Ikiachwa, husafiri hadi matezi ya mbele ya sikio na ya shingo, na huweza kumuua mtu. Ikiwahiwa, hukatwa na mtu akabaki na maisha yake, mara nyingi hata na jicho lake.

Niliposoma habari hiyo nilirudi kwa Walawi nikashangaa. Kuhani wa jangwani alifundishwa kutazama unywele ulio juu ya doa. Daktari wa macho wa leo, akishika tochi yake na kukuinulia kope, anatazama kama nywele za hapo zimeanguka. Kuhani aliambiwa kwamba ugonjwa ukienea tena, mtu ajionyeshe tena. Daktari naye anataka kinundu kilichorudi kikatwe kipande na kupelekwa maabara, kisikwanguliwe tu kwa mara ya tatu. Sidai kwamba Musa alijua saratani. Nasema tu kwamba anayetazama kwa makini, wa zama zozote, huishia kutazama mambo yaleyale.

Niongeze machache, nisije nikaulizwa mlangoni. Mtoto akizaliwa na kiraka kichwani kisichoota nywele, cha rangi ya manjano hivi, laini, hiyo ni alama ya tezi za mafuta zilizojazana. Mama yake hakufanya kosa lolote akiwa mjamzito. Akibalehe kiraka hunenepa na kuwa na vinundu, na ukubwani huweza kuotesha uvimbe, mara nyingi usio wa hatari, hivyo kionyeshwe kikianza kubadilika. Vinundu vidogo vya manjano vyenye kishimo katikati, kwenye paji la mtu wa makamo, ni tezi zilizokua tu. Uvimbe wa mviringo chini ya ngozi ya kichwa au mgongo, unaotembea ukiusukuma, kwa kawaida si saratani; usitobolewe kwa wembe nyumbani. Na mtu aliyeota uvimbe wa tezi za mafuta, ambaye katika ukoo wao wamekufa watu kwa saratani ya utumbo, amweleze daktari yote mawili. Muir wa Uingereza mwaka 1967 na Torre wa Marekani mwaka 1968 waliandika habari za wagonjwa waliokuwa na uvimbe wa ngozi pamoja na saratani za ndani, na baadaye ikaonekana kwamba kwa baadhi ya koo mambo hayo huandamana.

Nguvu ya jicho linalotazama vibaya tunaijua katika pande hizi. Mwaka 2008, jirani zetu wa Ruyigi waliwaona watu wenye ualbino wakiuawa kwa ajili ya viungo vyao, kwa kuwa kuna mtu aliitazama ngozi yao akaona fedha. Mwendesha mashtaka wa Ruyigi, Nicodème Gahimbare, aliwakusanya kwake ili wasiuawe, na mwaka 2009 mahakama ya huko iliwahukumu waliohusika. Ngozi ni ileile, macho yaliyoitazama ndiyo yaliyotofautiana.

Ndiyo maana napenda habari ya Miriamu katika Hesabu 12. Yeye kweli alikosa. Alimsema mdogo wake Musa kwa wivu, na ngozi yake ikabadilika. Akatolewa nje ya kambi siku 7. Tunapoisimulia huwa tunaishia hapo, kwenye adhabu. Lakini aya ya 15 inasema watu hawakuondoka mpaka Miriamu aliporudishwa. Taifa zima, na watoto wao, na ng'ombe wao, na mahema yao, walikaa jangwani kumsubiri mwanamke mmoja mwenye ugonjwa wa ngozi, ambaye hata hakuonewa. Sisi tunashindwa kumsubiri kijana mwenye chunusi arudi mstari wa mbele wa kwaya.

Na katika Marko 1, mwenye ukoma anapopiga magoti, Yesu anamgusa. Angeweza kumponya kwa neno tu, kwa umbali salama, kama alivyowafanyia wengine. Mkono unatangulia, ngozi inatakasika baadaye. Halafu anafanya jambo ambalo mahubiri yetu mengi hulipita haraka: anamtuma akajionyeshe kwa kuhani. Uponyaji umeshatokea, lakini bado anataka yule mwenye kazi ya kutazama atazame, mtu arudi kwa watu kwa haki na si kwa kujipenyeza.

Kila mwaka askofu wetu hubariki mafuta ya wagonjwa katika Misa ya Krisma, na parokia huyapokea kwa ajili ya mwaka mzima. Mipaka ya mikoa ya serikali ilibadilishwa mwaka 2025, lakini kwa upande wa Kanisa sisi bado ni jimbo la Muyinga, chini ya jimbo kuu la Gitega, na mafuta bado yanakuja kwa njia ileile. Ninapompaka mgonjwa, nampaka kwenye paji la uso na kwenye viganja: mahali ambapo mwili una mafuta yake mengi, na mahali ambapo hauna hata tone. Sijui kama waliotunga ibada waliwaza hivyo. Mimi huwaza. Na huwa nawaambia wanaonizunguka wasogee, waone, wamshike mkono.

Mpako mtakatifu hauchukui nafasi ya daktari. Isaya nabii, Mfalme Hezekia alipokuwa mahututi kwa jipu, alimletea neno la Mungu, kisha akaagiza wamwekee mkate wa tini juu ya jipu hilo. Katika 2 Wafalme 20 yote mawili yamo. Anayekuambia uache dawa ili imani yako ionekane, anajifanya mkubwa kuliko Isaya.

Sasa ombi langu kwa juma hili. Katika jumuiya zenu msome Walawi 13, aya ya 3 hadi ya 43, zote, kwa zamu, hata kama mtacheka mkifika kwenye kipara. Makatekista, mtu akiwaonyesha ngozi yake, mtazameni kwa mwanga, msimuulize dhambi zake, mpelekeni kituo cha afya na mmuulize tena baada ya siku 7. Wazazi, tazameni kopo lililo chini ya kitanda cha binti yenu. Kama halina maandishi, lisipakwe tena, na mwende naye kwa muuguzi. Na wewe ambaye kinundu cha kope kimerudi palepale, au kimekaa zaidi ya mwezi bila kupungua, au nywele za kope zinaanguka upande mmoja: usingoje Dominika. Nenda hospitali ya Muyinga, uwaambie wazi kwamba kimerudi, na uombe kuonwa na mtaalamu wa macho.